Kidonge cha Nne

Baba alikuwa ananiita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba, na baba mwenyewe hawezi kulitamka jina hilo ovyo ovyo mbele ya watu. Basi tangu nijue kusimama, mzee aliyeogopwa na shule nzima alikuwa akinisalimu asubuhi kwa upole, "Maitu, umeamkaje?" Wageni walicheka. Mimi nilijiona mtu mkubwa. Sikujua kwamba heshima ya namna hiyo inaweza kumfunga mtu mdomo hadi kaburini.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alirudi kwenye shamba letu upande wa Mukurweini, akafuga ng'ombe watatu. Nyumba yetu iko juu mgongoni mwa kilima, na kila kitu kingine kiko chini: kahawa, migomba, majani ya ng'ombe, mto. Zizi pia liko chini. Kila asubuhi alikamua, akapandisha mtungi wa maziwa hadi barabarani ambako mtu wa boda boda aliuchukua. Mwaka niliokuwa nikikaribia kumaliza chuo, akaanza kupumzika njiani mara moja, kisha mara tatu, kisha kila baada ya hatua chache. Hakusema anaumwa. Alisema, "Hiki kilima kinaongezeka." Miguu ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia. Mama yangu ndiye aliyenipigia simu.

Nilikuwa nasomea utabibu Nyeri mjini, nikiishi mtaa wa Skuta katika chumba kimoja na msichana mwenzangu wa darasa. Nilimpeleka Baba hospitali nikiwa nimevaa koti langu jeupe la mwanafunzi, kwa sababu ukiwa na koti hilo foleni hufupika. Kipimo cha picha kilionyesha moyo uliopanuka, kuta zake zimelegea, unasukuma damu kidogo kuliko mwili unavyotaka. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimwambia Baba, "Mzee, moyo wako umechoka. Hautarudi kuwa wa kijana, lakini dawa zitausaidia." Akaandika dawa nne. Baba akauliza kila moja ni ya nini. Daktari akatazama koti langu, akatabasamu.

"Binti yako atakueleza," alisema, na kumwita mgonjwa mwingine.

Kwa miaka mingi nilimlaumu daktari yule kwa sentensi hiyo moja. Bado namlaumu. Lakini aliiona furaha usoni mwangu alipoisema, maana nilifurahi kweli.

Nyumbani niliketi na Baba mezani, nikamwekea vidonge vinne kwenye sahani ya chai, nikamfundisha kama alivyokuwa akinifundisha hesabu. Cha kwanza kinatoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, kwa hiyo ukimeze asubuhi. Cha pili kinalegeza mishipa ili moyo usisukume dhidi ya mlango uliofungwa. Kinaweza kukuletea kikohozi kikavu, ukikohoa uniambie. Cha tatu kinatuliza mapigo. Tutaanza na kiasi kidogo na kuongeza polepole, na usikiache ghafla hata siku moja. Cha nne kinasaidia moyo usiendelee kuota makovu na kukaza, lakini kinapandisha potasiamu kwenye damu, kwa hiyo utapimwa damu mara kwa mara na usizidishe ndizi.

"Niishi Mukurweini nisile ndizi?" akauliza.

"Usizidishe, nimesema."

"Haya, Maitu."

Nikamwonya pia kuhusu dawa za maumivu alizokuwa akinunua dukani kwa ajili ya magoti, kwamba zinashikilia maji na kuharibu figo. Akazitoa mfukoni palepale, akaniachia. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alitafuta daftari la mistari, akawa anaandika uzito wake kila asubuhi, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Kuhusu kidonge cha nne nilibakisha jambo moja. Nililijua. Lilikuwa kwenye daftari langu, nimelipigia mstari. Kidonge kile kwa wanaume wengine huotesha matiti. Huanza kwa uchungu nyuma ya chuchu, kisha uvimbe mdogo, kisha unaonekana chini ya shati. Si hatari kwa maisha, na ukitokea mtu hubadilishiwa dawa. Nililiona neno hilo likija mdomoni, nikamtazama Baba aliyekuwa ananisikiliza kwa miwani yake, na nikaliruka. Nikajiambia haliwapati wengi.

Dawa zilifanya kazi. Maji yalishuka, viatu vikaingia, na baada ya miezi michache alipandisha mtungi bila kusimama. Mama alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu, na akanitaja. Mimi nikarudi Skuta kusoma.

Tulikuwa wanne katika kikundi chetu cha kujadiliana, na tulikutana Jumamosi chumbani kwetu, wawili kitandani, wawili sakafuni. Kila aliyetutangulia alituambia kwamba swali la matibabu ya moyo uliochoka halikosi kwenye mtihani wa mwisho, na kwamba wanaotahini wanapenda kuuliza madhara ya dawa. Tukatafuta namna ya kuyakumbuka. Tulipofika kwenye dawa ile ya nne, mvulana mmoja wa kikundi, mcheshi sana, akanigeukia.

"Kumbe ndiyo siri ya Mukurweini," alisema. "Ati maziwa mnayopeleka Nairobi si ya ng'ombe peke yake. Mnakamua na wazee."

Tulicheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Mimi nilicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hatukuiita dawa ile kwa jina lake; tuliiita dawa ya kukamua wazee, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusahau inafanya nini. Hawakujua kwamba baba yangu anaimeza kila asubuhi. Mimi nilijua, na bado nilicheka. Nimejaribu kujitetea kwa kusema kwamba wakati ule sikumfikiria. Huo si utetezi.

Mwezi wa pili tulipewa wiki mbili za kujisomea kabla ya mtihani, nikaenda nyumbani. Ilikuwa kiangazi kikali, vumbi jekundu limefunika hadi majani ya kahawa. Baba alinipokea amevaa koti zito la sufu, lile la baridi ya Julai, limefungwa vifungo vyote. Nikamwuliza.

"Baridi ya uzee, Maitu," alisema.

Alikamua akiwa na koti. Alikula akiwa na koti. Miaka yote alikuwa akinawa kwenye bomba la nje kifua wazi, akipiga mluzi. Sasa alibeba ndoo akaingia nayo bafuni na kusukuma komeo. Siku ya mkutano wa wanaume wa kanisa alisema magoti yanamsumbua. Daftari lake la uzito lilikuwa juu ya kabati na sikulifungua. Ningelifungua ningekuta kurasa za mwisho ni tupu. Mimi niliona koti tu, na nilikuwa na mtihani.

Alikuwa ananisaidia kusoma. Nilikuwa nimeandika masomo kwenye vikadi, na baada ya chakula cha mchana tuliketi barazani, yeye akishika vikadi na kuniuliza, mimi nikijibu. Alisoma Kiingereza cha kwenye vikadi kwa sauti ya darasani, kila silabi mahali pake. Nilipojibu vizuri alisema, "Vema." Nilipokosea alikohoa kidogo na kunisubiri. Nilifurahia sana siku zile. Ni vigumu kusema hivyo sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja akafika kwenye kikadi cha dawa ya nne. Alikitazama kwanza bila kusoma. Kisha akauliza inafanya kazi gani, nikajibu. Akauliza nani hapaswi kupewa, nikajibu. Akauliza madhara yake.

"Potasiamu kupanda," nilisema. "Figo kudhoofika. Kizunguzungu. Tumbo kuvurugika."

"Bado moja."

Akalisoma mwenyewe, lile neno refu la kitabibu, polepole, kana kwamba anaandika ubaoni. Halikuwa neno la kufundishwa shule ya msingi.

"Hili ni neno gani, Maitu?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikitazama kikombe. Ningeweza kusema kwa Kiswahili, ningeweza kusema kwa Kikuyu, ningeweza hata kuonyesha kwa mkono.

"Ni uvimbe tu, Baba."

"Uvimbe wa wapi?"

"Wa mwili. Huwapata wachache."

"Wachache," alirudia. Akageuza kikadi akatazama nyuma, ambako hakukuwa na kitu. "Na ukimpata mtu, hufanywa nini?"

"Hubadilishiwa dawa. Kuna nyingine karibu sawa."

"Na kama mtu hajui ni dawa gani inayomfanyia hivyo? Kama anameza nyingi?"

"Aa, Baba," nilisema, na nikacheka ili tupite. "Hilo haliko kwenye mtihani."

Kisha akakiweka kikadi chini ya vingine na kusoma kilichofuata. Nilijibu vizuri, akasema, "Vema."

Nimeieleza saa ile kwa watu wawili tu maishani, na wote wawili waliniambia nisijilaumu, kwamba hakuna binti wa Kikuyu ambaye angemtamkia baba yake neno matiti. Huenda ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kuwauliza wanaume wa umri wake wodini kuhusu mkojo, choo na mambo ya chumbani, na niliwauliza bila kupepesa jicho, kwa sababu hawakuwa baba yangu.

Nikarudi Nyeri. Siku chache kabla ya mtihani nilipata mafua, nikaingia duka la dawa ambalo Baba alikuwa akilitumia mjini. Mwenye duka ni mzee Mhindi ambaye babu yake alifungua biashara pale, na anazungumza Kikuyu safi kuliko vijana wetu wengi. Alinitambua.

"Mwalimu ni mzima?" aliuliza. "Hajachukua dawa mwezi huu. Wala uliopita. Nimemwekea." Akaonyesha mfuko wa karatasi kwenye rafu, umeandikwa jina la Baba.

Nilimwambia labda siku hizi ananunua Karatina, ni karibu na nyumbani.

"Labda," alisema mzee yule. Lakini hakuonekana kusadiki. "Mpigie simu, binti. Hizi si dawa za kuruka."

Nilimwahidi. Nilitoka nikiwa na nia kabisa ya kupiga. Barabarani nikakutana na yule mwenzangu wa chumba, akaanza kuniuliza kuhusu dawa za kisukari, tukaenda tukibishana hadi Skuta, na simu nikaisahau. Kesho yake nilikumbuka, nikasema nitapiga baada ya mtihani, nisije nikasikia jambo la kunivuruga akili. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo.

Swali lilikuja. Mzee wa miaka sitini na minane, miguu imevimba, hapumui vizuri akilala, kipimo kinaonyesha moyo uliopanuka: eleza kwa kirefu matibabu yake ya dawa. Niliandika kurasa nne bila kuinua kalamu. Niliandika ipi inapunguza vifo na ipi inapunguza maji tu. Niliandika kuanza kwa kiasi kidogo na kupandisha polepole, kupima figo na potasiamu, kutompa dawa za maumivu za aina fulani. Nilipofika kwenye dawa ya nne, niliandika kwamba inaweza kuotesha matiti kwa wanaume, na nikaongeza sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: mgonjwa aelezwe jambo hili mapema na kwa uwazi, kwa kuwa aibu inaweza kumfanya aache dawa bila kumwambia mtu. Nilitoka chumba cha mtihani nikijipongeza kwa sentensi hiyo.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya ibada, Mama alipiga simu. Alisema Baba amevimba hadi mapajani na hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, na kwamba jirani anamleta Nyeri kwa pikapu yake. Niliwangojea langoni mwa hospitali. Aliposhushwa nilidhani ni mtu mwingine. Midomo ilikuwa ya zambarau. Koti lilikuwa limefungwa hadi shingoni, jasho linamtiririka.

Muuguzi wa kiume alitaka kumbandika nyaya za kupima mapigo kifuani.

"Mzee, wacha nikusaidie na hiyo koti," alisema.

Baba alilishika koti kwa mikono miwili. Hakuwa na nguvu ya kupumua, lakini alipata nguvu ya kulishika. Akanitazama.

"Maitu," alisema. "Toka. Kidogo tu."

Nikatoka nyuma ya pazia. Nilisikia vifungo vikifunguliwa, kisha muuguzi akasema kwa sauti ya chini, ya upole, "Ni hizi dawa, mzee. Ni kitu ya kawaida. Si wewe peke yako." Kijana ambaye hakuwa amewahi kumwona Baba hadi dakika ile alimwambia kwa sentensi tatu kile nilichoshindwa kumwambia kwa zaidi ya nusu mwaka.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kitambaa cha kanisani bado kichwani.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Mimi si mke wake?"

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Yalianza kumuuma, yakawa yanakua kama ya msichana wa darasa la saba. Alidhani amerogwa. Kisha akasema ni dawa, lakini hakujua ni ipi, akaziacha zote."

"Na wewe ukamwacha aziache? Kwa nini hukuniambia?"

Mama alinigeukia. Sijawahi kutazamwa na mama yangu namna ile, kabla wala baada.

"Alinikataza. Alisema atakuuliza mwenyewe, kwa akili. Ulikuja ukakaa pale barazani wiki mbili unasoma ugonjwa wake kwa sauti. Alivaa koti kwenye jua. Sasa unaniuliza mimi? Mimi nimesomea wapi?"

Nilimchukia kwa muda kwa kusema ukweli, na nadhani yeye naye alikuwa ameanza kunichukia mapema zaidi.

Walimtoa maji kwa dawa ya sindano. Siku ya nne alikuwa anaweza kuketi, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wake. Nilimletea uji, nikawa namlisha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametoka kuota jua. Nilidhani nimepata nafasi nzuri.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Alimeza kijiko kile cha uji kwanza.

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza moja kwa moja."

"Nilikuuliza uvimbe wa wapi. Ukasema wa mwili." Hakuwa na hasira. Alikuwa anasahihisha, kama anayepitia daftari la mtoto. "Nikakuuliza mtu asipojua ni dawa gani. Ukasema haliko kwenye mtihani."

"Ningekutamkiaje neno lile, Baba?"

"Na mimi ningekuambiaje, na wewe ni mama yangu?" alisema. Akavuta pumzi. "Lakini kati yetu wawili, wewe ndiye uliyesomea."

Nilimlisha uji uliobaki. Hatukulizungumzia tena.

Dawa zake zilianzishwa upya, kidogo kidogo, kama kitabu kinavyosema. Ile ya kuchukua nafasi ya kidonge cha nne haikupatikana Nyeri nzima. Mzee Mhindi wa duka la dawa ndiye aliyeiagiza Nairobi, na ilipofika aliileta mwenyewe hadi langoni mwa hospitali, akanipa pamoja na ule mfuko wa zamani aliokuwa amemwekea Baba. Hakunikumbusha ahadi yangu. Baba aliimeza siku chache tu. Figo zilikuwa zimedhoofika katika ile miezi ya kuvimba, kila dawa iliyousaidia moyo ilizielemea figo, na madaktari wakawa wanaongeza hapa na kupunguza pale. Niliwafuata wodi nzima nikiwa na maswali, hadi mmoja akaniomba kwa adabu niwe mtoto wa mgonjwa kwanza. Sikujua namna ya kufanya hivyo. Baba alikufa asubuhi ya Jumatano, mvua za masika zikiwa zimeanza, wakati Mama amekwenda kumtafutia maji ya moto.

Wajomba, baba mdogo na binamu walikuja mochari kumvisha. Mama aliwazuia mlangoni. Aliingia peke yake, akamvisha shati, sweta na koti la suti, akafunga vifungo vyote, ndipo akawaita. Baba mdogo alikasirika, akasema si kazi ya mwanamke. Mama hakumweleza kitu. Mimi nilisimama upande wa pili wa mlango, na huo ndio wakati pekee katika siku zile tulipotazamana tukaelewana.

Mazishini mzee wa kanisa alisema mwalimu alibarikiwa, maana alitunzwa na binti yake daktari hadi dakika ya mwisho. Watu wakaitikia amina. Baba mdogo akaninyanyua mkono mbele ya umati. Nilisimama pale na mkono juu, matope yamenishika viatu, nikingoja auachilie.

Matokeo yalitoka mwezi uliofuata. Mwalimu wetu wa tiba alinisimamisha kwenye ngazi za chuo, akanipa pole, kisha akaniambia, akidhani ananiliwaza, kwamba jibu langu kuhusu moyo lilikuwa bora kuliko majibu ya wote, na hasa pale nilipoandika habari ya aibu. "Hayo hayamo kitabuni," alisema. "Ulifikiri kama tabibu." Nilimshukuru. Yule mvulana mcheshi wa kikundi chetu alinipigia simu kunipa pole na kuniuliza mzee aliumwa nini. Nilimwambia moyo. Hakuna haja ya kumbebesha mengine. Mzaha ulikuwa wake, lakini si yeye aliyempa Baba kidonge.

Sasa nafanya kazi katika kituo cha afya upande wa Sagana. Kila mwezi wanakuja wazee wenye mioyo iliyochoka. Nawaeleza dawa zao moja moja, na nikifika kwenye ile nasema waziwazi: hii inaweza kukuotesha matiti, baba, na ikianza usiache dawa, njoo uniambie nikubadilishie. Natumia neno lenyewe. Wengine huangalia sakafu. Wengine hucheka kwa haya. Watu watatu wamerudi kuniambia limewatokea, na wamebadilishiwa, na wako hai. Watu huniambia nihesabu hao. Mimi sioni wanahesabikaje pamoja na Baba.

Mama anaishi bado kilimani. Aliuza ng'ombe wawili, akabaki na mmoja. Nikimtembelea tunazungumza habari za mvua, kahawa na watoto wa ndugu zangu. Nilijaribu mara moja kuanza mazungumzo yale. Aliinuka akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, amesindikizwa na bintiye wa makamo. Nilimweleza dawa zake. Nilipolitamka lile neno bintiye alifunika uso kwa mtandio, na mzee akasimama.

"Wewe ni msichana wa nani?" aliniuliza. "Wazazi wako walikufundisha kumwambia mtu mzima maneno haya mbele ya mtoto wake?"

Nilimwomba radhi. Nilimwomba aketi, nikasema bintiye anaweza kungoja nje. Alisema anataka kuonwa na mwanamume. Siku hiyo hakukuwa na tabibu mwanamume zamuni. Akavaa kofia yake, akatoka, bintiye akimfuata nyuma, cheti cha dawa kimebaki mezani. Niliwafuata hadi kwenye lango, nikampa binti kile cheti. Alikipokea bila kuniangalia, akakikunja mara nyingi sana, akakitia mkobani. Sijui kama dawa zilinunuliwa. Mwezi huu mzee hajarudi.